Injini ya Mwamba wa Koyama

Fundi Kombo alizikwa Mombasa mwezi uliopita, baada ya sala ya alasiri, na mimi nilikuwa ndani pamoja na wanawake, nimepewa kiti kwa heshima ya magoti yangu. Wanawake wa kwetu hawajui kuomboleza kimya. Walimsifu marehemu mpaka ungedhani wanamtafutia mke. Mmoja alisema Kombo alikuwa akilala kitandani, lori likipita barabarani anataja ni la aina gani na la umri gani, na ukitoka kutazama unakuta ndivyo. Mwingine akasema vidole vyake vilikuwa na macho. Nikatikisa kichwa kukubali. Yote hayo ni kweli, na mimi nayajua kuliko wao, maana maisha yangu tangu ujana yamesimama juu ya neno moja la Kombo kuhusu umri wa injini moja. Wali ulipoletwa nilikula kidogo tu, na binti yake akaja akainama akaniuliza kama siumwi. Nikamwambia ni uzee. Uzee ni kisingizio kizuri, hakuna anayekuomba ushahidi.

Kabla hajafa alikuwa ameniita. Nilikwenda, nikaketi karibu na kitanda chake, na aliyoniambia nitayasema mahali pake, kwani mtu asiyeujua mwaka wenyewe atayaona ni maneno ya mgonjwa. Mwaka huo niliuishi Kismayo, katika nyumba ya mama mkwe wangu, Bi Mize, nchi ikiwa bado changa na bendera yake ya uhuru haijapauka. Mume wangu alikuwa Shee. Alikuwa na mashua yenye injini ya lori, kama mashua nyingi za kwetu wakati huo: lori likichoka kwenye mashamba ya ndizi ya Juba, mafundi walilipasua, wakatoa injini, wakaipandisha kwenye mashua na kuipoza kwa maji ya bahari. Sauti yake ilikuwa ya lori hasa. Mgeni aliyelala nyumba ya pwani alidhani kuna barabara ndani ya bahari. Shee alichukua unga na saruji kupeleka Ras Kamboni, akamshusha baharia wake njiani, Burgao, kwa sababu ya homa, akaendelea peke yake. Ras Kamboni walisema alifika, akashusha mzigo, akanywa kahawa, akaondoka asubuhi. Baharia akamngoja Burgao. Mpaka leo.

Sijui kama vijana wa sasa wanaelewa hali niliyobaki nayo. Mwenye mume ana mume, na mjane ana eda yake, ana siku zake za kuhesabu, watu wanajua wamwambie nini. Mimi sikuwa hapa wala pale. Bi Mize alikwenda kwa kadhi na mimi nyuma yake, na kadhi, mzee mpole wa Kisomali aliyezungumza Kiswahili cha sokoni, akasema bahari haitoi cheti. Bila dalili ya yakini ningoje miaka minne, kisha atatazama. Akaniambia nifanye subira. Nikarudi nyumbani na subira yangu. Sikuweza kujifukiza udi, kwa nani? Sikuweza kwenda harusini, watu wangesema mke amesahau. Sikuweza kulia kwa sauti pia, kwa kuwa Bi Mize alikataza kilio nyumbani kwake. Kumlilia mtu ambaye hajafa ni kumwita mauti, alisema, na mwanawe yu hai, kakamatwa mahali au kachukuliwa na meli. Kila mchana alipika kwa watu watatu. Ikiwa ni basta, zile tambi za Kitaliano, na jodari, ilikuwa basta ya watatu, na ndizi tatu pembeni, na sehemu ya tatu tulikuja kuila jioni ikiwa baridi, bila kusema tunakula ya nani.

Chumba changu kilikuwa na dirisha dogo lililotazama ua wa jirani, na huko nyuma ya ukuta ndiko nilikosikia habari zangu. Siku moja wanawake wawili walikuwa wanachambua mchele, mmoja akasema yule mtoto wa watu anakauka kama papa, mwenzake akamjibu kwamba ndiyo bahati ya mke wa upepo. Jina hilo likanishika. Nilipopita sokoni nilijua linatembea mbele yangu. Nami nilikuwa nakauka kweli. Chakula kilinigomea kooni, nguo zikaanza kunivaa badala ya mimi kuzivaa, na usingizi ulinijia mchana tu, nikiwa nimeketi, nikisikia mlio wa lori majini. Nikiamka naukuta ni lori la kweli, linakwenda bandarini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilianza kuwaonea wivu wajane. Nalisema hivi hivi lilivyo, kwa sababu ndivyo nilivyohisi.

Kisha wapiga mbizi wa kisiwa cha Koyama, wale wanaotafuta kamba koche, wakaikuta injini. Ilikuwa upande wa nje wa mwamba, imelala ubavu, mbao za mashua zote zimekwisha kuliwa au kuchukuliwa. Hapakuwa na kitu kingine. Mzee mmoja wa Koyama akatoa shauri la kwenda kuifunga kamba maji yakiwa yamekupwa sana siku za bamvua, na kwenye kamba kuning'iniza mapipa matupu, wakaketi wakangoja. Maji yalipojaa, mapipa yakapanda, injini ikapanda nayo, wakaivuta mpaka pwani bila kuvunja mgongo wa mtu. Wakaileta Kismayo kwa sababu kila mtu alijua ni nani anayengojwa Kismayo. Habari ilitufikia asubuhi, tukiwa tunakula mkate wa anjera. Bi Mize aliweka chini kipande chake, akanawa mkono, akavaa buibui, na sijapata kumwona mtu akitembea upesi hivyo bila kukimbia.

Pwani palikuwa na watu wengi na kelele kidogo. Kombo alikuwapo. Alikuwa fundi wa mashua zote kuanzia hapo hadi Burgao, na ni yeye aliyeipandisha injini ya Shee kwenye mashua, yeye na marehemu baba mkwe wangu. Watu wote wakamtazama yeye. Kombo akazunguka lile donge, akalipiga kwa kifundo cha kidole, akasema hawezi kusema. Lilikuwa limevaa chaza na chokaa ya bahari mpaka halikuwa na uso. Akasema alipeleke gereji, alisafishe polepole, maana ukiligonga kwa pupa utavunja ushahidi. Ndipo Bi Mize akasema haiendi gereji.

"Ikiwa ni ya mwanangu, haitalala kwa wachu," alisema, akiwaita watu wachu kama wazee wa kwetu. "Ileteni kwangu."

Wakaileta. Wanaume wanane waliibeba kwa miti ya mikoko, wakaiweka katikati ya ua wetu juu ya magogo mawili, na tangu siku ile nyumba haikuwa yetu tena. Kwanza harufu, ya chuma na ya kitu kilichokufa ndani ya ganda. Kisha sauti. Jua la mchana likiipiga, ilipasuka vipande vidogo vidogo ndani kwa ndani, tik, tik, nikitwanga nilikuwa nasimamisha mchi kuisikiliza. Kaa wadogo walitoka kwenye matundu wakatembea uani wakitafuta bahari. Ilitoa maji siku nyingi baada ya kukauka, maji mekundu ya kutu yaliyofuata mteremko wa sakafu hadi mlangoni pangu. Sikuweza kuipa mgongo. Nikifua nilifua nikiitazama, na nikiingia ndani niliingia kinyumenyume, kama mtu anayeaga kaburi la walii. Bi Mize alisikia kwa Kombo kwamba chuma kilichotoka baharini huliwa na chumvi kikiguswa na hewa, kwa hiyo kinafaa kuoshwa kwa maji matamu. Basi kila siku baada ya alasiri aliteka maji kisimani akaiosha, akianzia juu akishuka, kulia kabla ya kushoto. Nyuma ya ukuta walisema Bi Mize kapata maiti ya kuosha. Nilimwona alivyosikia, na alivyoendelea kuosha.

Kombo alikuja siku aliyopata nafasi, akiwa na mfuko wake wa spana. Alikuwa kijana bado, labda ananizidi miaka kumi, rafiki wa Shee, na kwa hiyo aliniita shemeji na alipozungumza nami alitazama chuma. Bi Mize aliniambia nimsaidie kukwangua chaza, yeye macho yake hayakuwa mazuri. Kwa kisu cha samaki na patasi nikaanza. Kazi ile ilinifaa kuliko dua za watu. Kombo aliponiona sina swali akaanza kunifundisha bila kuombwa, kama mafundi wanavyofanya wakipata sikio.

"Injini ni kama ng'ombe, shemeji," alisema. "Mwenye kuuza atakwambia umri anaoutaka yeye. Wewe mfungue mdomo utazame meno."

Alianza na nati. Nati ya kwanza niliyoifichua aliijaribu kwa spana za Kiingereza, zikacheza. Akaijaribu kwa spana za milimita, ikakaa sawasawa. Hivyo malori ya jeshi la Waingereza yakatoka njiani. Akahesabu nafasi za pistoni, nne. Akapapasa pampu ya dizeli ilikuwa upande gani, akapapasa mbele akakuta tundu la mpini wa kuwashia kwa mkono. Hii ni ya lori la Kitaliano, akasema, lile lile la aina ya Shee. Nilipotazama mlangoni Bi Mize alikuwa ameshika nguzo. Lakini Kombo akainua mkono. Aina ni jambo moja na umri ni jambo jingine. Malori hayo yalikuja mara mbili: kwanza yale ya kale yaliyoletwa kabla ya bendera, kisha wenye mashamba wakaleta mengine mapya bendera ilipokwisha kupanda. Kwa nje injini zake ni ndugu wa tumbo moja. Baba yake Shee alinunua ya kwao mwaka ule ule wa bendera, kutoka kwa lori lililokuwa zee tayari, na katika mashua zote alizozishughulikia Kombo, ya Shee ndiyo ya kale pekee iliyokuwa bado inapumua. Kwa hiyo, ikiwa hii ni ya kale, ni ya Shee. Ikiwa ni mpya, ni ya mtu mwingine, na Shee yuko anakojua Mungu.

Nikamuuliza mbona asitazame tu. Akacheka kidogo. Watu wa pwani yetu, akasema, ndio waliomharibia kazi. Hakuna mashua iliyokuwa na injini ya mama mmoja. Pampu ikifa unachukua ya lori la pili, kifuniko cha juu kikipasuka unachukua cha la tatu, na kila mtu hujisifu kwamba injini yake ni ile ile ya siku zote. Kwa hiyo kila kilichofungwa kwa nati hakina ushahidi, maana kingeweza kufunguliwa kwa nati. Kitu kisichodanganya ni bloki yenyewe, kile kipande kikubwa cha chini, kwa sababu chuma kinapomiminwa kwenye kalibu mwaka wake unamiminwa nacho. Tarakimu hizo hutokeza juu ya chuma kama mshipa kwenye mkono. Akanionyesha mahali pake, ubavuni, chini ya pampu. Palikuwa na chaza wengi kuliko popote, wameshikana na mchanga na kutu, wagumu kama saruji. Akaniambia nikwangue kwingine kote, pale nipaache, ni pa mikono yake mwenyewe.

Kwa muda fulani nikaishi na ule ubavu. Kombo alikuwa akija na kuondoka, akiitwa na mashua nyingine, akipaloweka kwa siki na mafuta ya taa, akichokoa kidogo, akiondoka. Mimi nikipita naye Bi Mize akipita tulipatazama pale, wala hatukutazamana. Ikawa kama kuna mtu wa tatu nyumbani ambaye amefumba mdomo. Kuna siku niliomba iwe ni ya zamani ili nijue, nilie, nimalizike. Siku ya pili nilimkumbuka Shee akipiga mluzi akivua viatu mlangoni, nikaomba kwa machozi iwe mpya. Dua zangu zilikuwa zinakutana njiani zinapigana. Bi Mize hakuwa na dua mbili. Nilimsikia chumbani kwake, akisali kwa sauti ya chini, akimwomba Mola aioneshe kuwa mpya. Mara moja tu tulikwaruzana. Alinikuta nimekaa mbele ya chakula bila kukigusa, akasema nitakufa mikononi mwake naye ataulizwa na wazazi wangu. Nikamjibu vibaya. Nilimwambia kufa ni bora, wafu wana hakika yao. Aliichukua sahani, akaketi, akanilisha kwa mkono wake tonge baada ya tonge kama mtoto aliyetoka kuumwa, na mimi nikala.

Haikupita siku nyingi Kombo akaja adhuhuri, akaegemea injini, akafanya kazi pale ubavuni muda mrefu akiwa amenipa mgongo. Bi Mize akanituma sokoni. Alitaka binzari na basta, na vyote viwili tulikuwa navyo, lakini mkwe akituma haulizwi. Niliporudi niliwakuta wameketi kwenye mkeka, kahawa imepoa mbele yao. Kombo alikuwa na uso wa mtu aliyepigwa kofi na mzazi. Bi Mize akapokea kikapu changu akanishukuru. Nikatazama pale chini ya pampu nikaona chaza hawapo, na chuma ni cheupe, kimesuguliwa kwa tupa, kinang'aa kama senti mpya. Nikauliza amesoma nini. Kombo akasema atasema mbele ya kadhi, ndivyo sheria inavyotaka. Nikadhani fundi ndivyo anavyosafisha.

Kadhi alikuja kesho yake pamoja na wazee wawili, wakapewa viti, wakaitazama injini kama wanavyoitazama posa isiyo na mahari. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la chumba. Kombo alieleza yote: nati, pistoni, pampu, malori ya kale na mapya. Alieleza vizuri mpaka kadhi akawa anauliza kama mwanafunzi. Mwisho akaulizwa umri. Akasema ameuona mwaka, ni wa kabla ya bendera, na kwamba alama yenyewe ilikuwa imeliwa na chumvi ikabomoka alipoikwangua. Kadhi akaomba msahafu. Kombo akaweka mkono.

"Naapa hii ni injini ya Shee," alisema.

Nilikaa chini pale pale nilipokuwa. Nikangoja Bi Mize apige kelele, akatae, awafukuze na msahafu wao. Mwanamke aliyekataza kilio miezi yote ile. Nilisikia anavuta pumzi, kisha anasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba amesikia na ameridhika, na kwamba hitima itasomwa Ijumaa. Kadhi akatoa hukumu. Mazungumzo yaliyofuata yalikuwa ya mchele na mbuzi. Wazee walipoondoka aliingia ndani, akanivua bangili moja moja, akanifunga nguo ya eda kichwani.

"Lia sasa, mwanangu," aliniambia. "Ruhusa."

Nililia mpaka nyuma ya ukuta nao wakalia. Msikitini wakamsalia Shee sala ya ghaibu. Hitima ikasomwa, na Bi Mize alikaa katikati ya wanawake akipokea mikono, akisema Mungu kachukua chake. Nilikaa eda yangu miezi minne na siku kumi kwenye chumba kile chenye dirisha dogo. Nilimkalia Shee kama inavyostahili. Kila jioni nilimweka mbele yangu nikamuaga: kichwa chake kwenye maji, mikono yake kwenye usukani, yale maji mekundu yaliyokuja mlangoni kwangu. Hofu yangu ya ile injini ikaisha. Ilikuwa kaburi, na kaburi lina adabu zake. Chakula kikaanza kupita. Bi Mize hakuiosha tena, na nilidhani ni kwa sababu maiti huoshwa mara moja. Eda ilipokwisha alinitoa yeye mwenyewe, akaniogesha, akanifukiza udi, akanirudisha kwa wazazi wangu na sanduku langu. Mwaka uliofuata niliolewa na Famau, mwana wa ami yangu, mtu mwema, niliyemzalia nyumba nzima ya watoto. Injini waliipeleka ufukoni, wakaizamisha iwe ya kufungia mashua. Bi Mize alirudi Koyama alikozaliwa, akaishi huko hadi alipokufa, na kila Idi nilimpelekea nguo. Hakuna siku aliyolitaja jina la mwanawe mbele yangu.

Nchi ilipovunjika kwa vita tulitawanyika. Mimi na Famau tuliishia Mombasa, na Kombo naye. Tulionana harusini na mazikoni, akiniita shemeji hata mbele ya Famau, na Famau alicheka. Famau alitangulia. Kisha ndiyo hii siku Kombo aliponiita. Alikuwa amebaki mifupa na yale macho. Akawaambia watoto watoke. Akaniuliza kama naukumbuka ule ubavu wa injini. Nikamwambia nakumbuka mpaka chaza wake. Akasema tarakimu hazikuliwa na chumvi. Zilikuwa nzima, zimetokeza vizuri, na mwaka ulikuwa baada ya bendera, miaka miwili baada. Siku baba yake Shee alipoilipia injini yake, chuma kile kilikuwa bado hakijayeyushwa huko Ulaya. Hakikuwa cha Shee. Hakikuweza kuwa.

Nilishika ukingo wa kitanda. Nikamuuliza kwa nini. Akasema siku ile nilipokuwa sokoni alimwita Bi Mize ampe habari njema. Alidhani mama atasujudu. Bi Mize akaiacha kahawa ikapoa, kisha akamuuliza nani mwingine anajua. Akasema hakuna. Ndipo Bi Mize akamwambia achukue tupa aipitishe pale. Kombo alikataa. Akamwambia ni yamini ya uongo, ni moto wa jahanamu. Bi Mize akamjibu kwamba moto watagawana.

"Alisema nini hasa?" nilimuuliza. "Nipe maneno yake."

Kombo akafumba macho ayatafute. "Alisema, 'Mwanangu yu hai, nami nitamngoja. Kungoja ni kazi ya mama. Lakini huyu ni mwana wa wachu, miaka minne haimalizi.'"

Basi yule mwanamke alimsomea hitima mtoto aliyeamini yu hai. Yeye, aliyeona kumlilia mzima ni kumwita mauti, aliketi akapokea mikono ya rambirambi, akala wali wa matanga ya mwanawe, ili mimi nipate kula. Nilitaka nimwendee nikamshike miguu, na imepita miaka thelathini tangu azikwe. Kombo aliniomba radhi. Nilimwambia nimemsamehe, kwa kuwa mtu anayekufa huwezi kumnyima, na pia nilimsamehe kweli, wanangu wote ni matunda ya tupa yake. Tangu siku ile nimeuliza sheikh, bila kutaja majina, naye amesema hukumu ya kadhi ni hukumu na ndoa yangu ilikuwa ndoa. Sikuwa na wasiwasi wa ndoa. Kuna swali jingine nililomuuliza Kombo kabla sijaondoka, na ndilo linaloniamsha.

Nilimuuliza ikiwa haikuwa ya Shee, ilikuwa ya nani.

Akasema hajui. Haikuwa ya mashua aliyoishughulikia yeye. Labda ilikuwa ya watu wa Kiunga, labda ya mbali zaidi. Ule mwaka kwenye chuma ndio ungeweza kumfikisha mtu kwa mwenyewe, na mwaka aliuondoa kwa mkono wake. Kwa hiyo mahali fulani kwenye pwani hii kulikuwa na nyumba nyingine, na mama mwingine, na msichana ambaye nyuma ya ukuta walimpa jina. Chuma kile kilitoka baharini kikiwa na habari yake. Tukaichukua sisi. Sijui aliambiwa asubiri miaka mingapi, sijui kama alimaliza. Shee sikumlilia kwenye injini yake wala pahali alipofia. Yule niliyemuaga jioni zote zile, nikimweka kichwa kwenye maji na mikono kwenye usukani, alikuwa mume wa mwanamke huyo. Eda niliyokaa ilikuwa yake.